Mnyama Asiyekuwamo kwenye Mkataba

Inspekta Ndimu hakuzipenda meli za starehe, na meneja wa huduma wa meli ile alimpa sababu mpya kabla hajamaliza kupanda ngazi.

"Umechelewa," meneja alisema. Alikuwa amesimama juu yake, sare nyeupe haina mkunjo, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayemsubiri fundi bomba. "Mwizi tunaye. Kazi yako ni kumchukua tu. Meli inaondoka saa kumi."

"Meli inaondoka nikitia sahihi," Inspekta alisema. "Na salamu huwa mnazitoa saa ngapi?"

Jina la Ndimu alipewa na askari wenzake wa bandarini, na halikutokana na rangi yake. Alimwacha konstebo wake mlangoni akamfuata meneja ndani, kwenye zulia nene lililonyonya hata sauti ya viatu vyake. Hilo nalo lilimuudhi. Alipenda watu wamsikie akija.

Meneja alimweleza kisa wakitembea. Mkandarasi mmoja wa majengo na mkewe walikuwa sitaha ya juu, wakisherehekea miaka ya ndoa yao. Kesho safari ingeisha. Asubuhi hii walirudi kutoka kunywa chai wakakuta kisanduku cha dhahabu cha mke kiko wazi juu ya meza, kitupu. Mkufu, bangili na herini, vyote urithi wa marehemu mama yake. Walipokuwa hawapo, mlango ulifunguliwa kwa kadi moja tu, ya mhudumu wa chumba. Walinzi walikuwa wamepekua godoro la mhudumu, begi lake na hata viatu vyake.

"Wakapata nini?"

"Hawajapata kitu."

"Na bado unasema mwizi mnaye."

"Mwizi tunaye," meneja alisema bila kucheka. "Tunachokosa ni dhahabu."

Mkandarasi aliwapokea kwa kelele. Alikuwa mtu wa kifua kipana, mwenye sauti ya kuwasemesha vibarua walio ghorofa ya tano. "Yule kijana nilimlipa kabla hata sijamwona sura!" alifoka. "Bakshishi ya safari nzima nililipia siku niliyokata tiketi. Waulize hawa! Unamlipa mtu kabla hajafagia hata sakafu, naye shukrani yake ni kukuibia?"

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, skafu shingoni, anasugua kiganja cha mkono wa kulia. "Nimemzaba kofi," alisema. "Mkimleta hapa nitamzaba jingine."

"Utaniachia na mimi nafasi ya kuuliza, mama," Inspekta alisema. "Dhahabu ina bima?"

Kwa desturi yake, mwenye mali ndiye aliyemshuku kwanza. Lakini mke alimtazama kama amemuuliza kama mama yake alikuwa na pembe.

"Bima? Dhahabu ya mama yangu? Miaka yote inakaa kwenye sanduku la nguo, chini ya mashuka. Bima yake ni ufunguo."

Njia ile ikafungwa. Mtu haibi mali ya mkewe isiyo na bima ili ajilipe mwenyewe. Inspekta alizunguka chumba polepole. Hakugusa kitu, ila alifungua kabati, akachungulia roshani, akatazama chini baharini. Kwenye kochi kulikuwa na wanyama waliokunjwa kwa taulo nyeupe, wamepangwa mstari: kobe, tembo mwenye mkonga uliolegea, bata, sungura.

"Hawa je?"

"Kila jioni tukirudi kutoka kula tunamkuta mmoja kitandani," mke alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua ukali. "Nashindwa kuwakunjua. Nimewapigia picha wajukuu zangu."

"Wa jana ni yupi?"

"Jana hakuleta. Nilidhani taulo zimewaishia."

Inspekta alitoka bila kuaga akagonga chumba cha jirani, ambacho kilikuwa chini ya mhudumu yuleyule. Mzee mmoja alifungua kwa hasira, soksi moja mguuni na nyingine mkononi. Nyuma yake, kwenye kiango cha nguo, alining'inia nyani wa taulo aliyevalishwa miwani ya jua.

"Huyo amekuja lini?"

"Jana jioni," mzee alisema. "Na yeye mnataka kumkamata?" Akafunga mlango.

Taulo, basi, hazikuwa zimeisha.

Mhudumu alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya makoti ya kujiokolea. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, na alama za vidole bado zilikuwa zimevimba shavuni mwake. Meneja alitaka kuingia pia. Inspekta alimfungia mlango puani.

"Ulichukua?"

"Sikuchukua."

"Kila mtu husema hivyo."

"Basi na wewe niandike kama wengine."

Jibu lile lilimpendeza Inspekta, lakini hakumwonyesha. Alivuta koti moja la rangi ya machungwa akalikalia. "Jana jioni hukuwakunjia mnyama. Kwa nini?"

Mhudumu, ambaye mpaka hapo alikuwa akitazama sakafu, aliinua kichwa. "Nilisahau."

"Jirani yao hukumsahau. Ana nyani mwenye miwani."

Mhudumu alirudisha macho sakafuni.

"Nikisema, kibarua changu kinaota nyasi," alisema hatimaye.

"Usiposema unalala mahabusu kwangu, na kibarua kinaota nyasi vilevile. Chagua nyasi zako, bwana mdogo, mimi nina meli ya kuondoa."

Mhudumu alipangusa uso kwa mkono wa sare. Kisha akaanza kusema, kwanza kwa kusitasita, baadaye kama mtu anayetapika. Bakshishi ya kulipia kabla, alisema, haimwendei mtu mmoja. Inagawanywa kwa wa vyumbani, wa mezani, wa jikoni, na wa kufua ambao abiria hawawaoni kabisa. Bila hiyo, mshahara wao ni wa kununulia soksi. Lakini abiria ana haki ya kwenda mapokezi akasema ameghairi, akarudishiwa pesa yake yote. Mwisho ni adhuhuri, siku mbili kabla ya safari kuisha. Baada ya hapo hesabu inafungwa, hata umlilie nahodha.

"Na ninyi mnaambiwa nani ameiondoa?"

"Ni marufuku tuambiwe. Tunaambiwa." Alitazama mlango. "Mkuu wa korido anapita mchana, anasema namba ya chumba, anaendelea na safari zake. Sisi hatusemi kitu. Kitanda kinatandikwa, choo kinasuguliwa, kila kitu kama jana. Ila mnyama hayumo kwenye mkataba. Yule tunamkunja kwa muda wetu, wakati tungekuwa tumelala. Ukiondoa bakshishi yako, umeondoa na mnyama wako. Basi. Hakuna abiria aliyewahi kugundua, wanadhani tumesahau."

"Mkandarasi aliiondoa jana?"

"Jana asubuhi."

"Ukakasirika."

"Nilikasirika, tena sana. Yule mama nimembadilishia sabuni mara mbili! Tangu karamu ya nahodha analalamika sabuni yetu inamwasha shingo. Nikaenda mpaka duka la juu, nikanunua ya watoto kwa hela yangu, akasema hiyo nayo inamwasha. Nikamwambia pole mama, nitatafuta nyingine." Akagusa shavu lake. "Lakini hasira yangu iliishia kwenye taulo, afande. Dhahabu yao sijaiona hata rangi."

Mlango ulifunguliwa. Meneja alisimama pale, na safari hii alikuwa anatabasamu.

"Nimesikia," alisema. "Alijua bakshishi imeondolewa. Alikuwa na chuki. Akafungua mlango kwa kadi yake akajilipa. Ulikuwa unatafuta sababu, Inspekta? Amekupa mwenyewe, kwa mdomo wake."

Inspekta Ndimu alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimkasirikia meneja, lakini alijikasirikia mwenyewe zaidi. Yeye ndiye aliyembana mtu huyu mpaka akatoa neno la kumnyonga. Mbele ya hakimu yeyote mvivu, taulo ile ingetosha kabisa.

"Unasikiliza milangoni na umri huo?" alimuuliza. "Twende mapokezi."

Karani wa mapokezi alikuwa mwanamke mwembamba aliyekuwa amechoka kutabasamu tangu mwanzo wa safari. Alipoona beji ya polisi, tabasamu lenyewe lilikwisha. "Siruhusiwi kuzungumzia akaunti za abiria."

"Akaunti sina haja nayo. Mkandarasi alipokuja kuondoa bakshishi, alisema nini?"

Karani alimtazama meneja.

"Mwambie, dada," meneja alisema. Alikuwa na hakika kwamba jibu litaegemea upande wake.

"Huwa tunamuuliza kila mtu sababu. Wengi wanasema chakula kilipoa, au maji ya bwawa yana baridi. Yeye alisema hawezi kumlipa mwizi. Nikashtuka, nikamuuliza mhudumu ameiba nini ili niwaite walinzi. Akaniambia nisimpotezee muda, nimrudishie hela yake. Akasimama hapo hapo mpaka ikarudi."

"Jana."

"Jana, kabla ya adhuhuri. Leo nisingeweza kumrudishia."

Inspekta alimgeukia meneja akamwachia muda wa kufanya hesabu mwenyewe. Hesabu ilikuwa ndogo, lakini meneja aliifanya taratibu, na kadiri alivyoifanya ndivyo midomo yake ilivyobana.

"Labda alikuwa ameibiwa kitu kingine kabla," alisema.

"Akakaa kimya? Yule? Mtu aliyenipokea kwa kelele za kuamsha wafu?"

"Lakini umesikia mwenyewe hana faida. Hakuna bima."

Hapo meneja alikuwa amesema kweli, na Inspekta alichukia kumkubalia. Kwa nini mtu apoteze dhahabu ya mkewe kwa makusudi? Alipanda ngazi kwa miguu, akiikataa lifti, huku akilichambua jambo lile upande mmoja baada ya mwingine. Kwenye kituo cha pili alisimama ghafla, meneja nusura amkwae. Sabuni! Mtu hujipaka sabuni mwili mzima. Mbona mama yule aliwashwa shingo peke yake, na mbona hata sabuni ya watoto haikumfaa?

Alimtuma konstebo amchukue mkandarasi akaandikishe maelezo chini. Mkandarasi alikwenda akinung'unika kuhusu haki za mlipaji. Inspekta alifunga mlango, akabaki na mke.

"Mama, nionyeshe shingo."

"Shingo yangu ina nini na mwizi wako?"

"Tafadhali."

Mke alivuta skafu kwa kiburi. Vipele vilikuwa vimeizunguka shingo kwa mstari mmoja, mahali mkufu unapolala. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na mstari kama huo, umeanza kupona.

"Nguo ya karamu ya nahodha iko wapi?"

Ilikuwa kabatini, nyeupe, ya hariri. Inspekta aligeuza ukosi. Upande wa ndani kulikuwa na doa la kijani, jembamba, limefuata mshono.

"Dhahabu ya mama yako imewahi kukuwasha?"

"Kuniwasha? Nimezaa watoto wanne nikiwa nimeivaa!"

"Imewahi kuacha kijani kwenye nguo?"

Mke aliishika nguo kwa mikono miwili akaitazama karibu, kisha akaitazama mbali.

"Kabla ya karamu ile uliivaa lini mara ya mwisho?"

"Arusi ya mdogo wangu. Mwaka jana." Halafu macho yake yakawaka. "Unataka kusema nini kuhusu mume wangu? Umeshindwa na mwizi, sasa unaingia kwenye ndoa za watu?"

"Sijamtaja mume wako, mama. Umemtaja wewe." Inspekta alisema hivyo bila huruma, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda na kule chini mtu asiye na kosa alikuwa amekaa kati ya makoti. "Mkirudi nyumbani, dhahabu ingefanyiwa nini?"

"Namkabidhi binti yangu. Anaolewa mwezi ujao. Nimeshaongea na sonara atupunguzie bangili, maana mkono wake ni mdogo. Angeipima kwanza, halafu..."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mama yule alikuwa bado ameishika nguo.

Mkandarasi alirudishwa. Aliingia akiwa ameshaanza kulalamika, lakini mkewe alimwahi.

"Mkufu uko wapi?"

"Muulize mwizi wako! Mimi..."

"Nakuuliza wewe. Huu kijani ni wa nini?"

Alimtupia nguo kifuani. Mkandarasi aliidaka, akaona ukosi, na sauti ya ghorofa ya tano ikamshuka. Alimgeukia Inspekta. "Umemjaza maneno gani mke wangu? Nitakushtaki!"

"Utanishtaki baadaye," Inspekta alisema. "Jana ulimwambia karani humlipi mwizi. Dhahabu imepotea leo. Ulijuaje?"

"Nilimwona macho yake!"

"Hukumwona macho. Ulijua kwamba leo mapokezi wangekuwa wameshafunga, na roho ilikuuma kumwachia bakshishi mtu unayekwenda kumfunga. Ungejikaza, bwana mkubwa. Ungemwachia tu ile hela, sasa hivi ningekuwa nateremka ngazi naye, ana pingu mikononi, na wewe umelala unakoroma."

"Ni hela yangu! Nina haki nayo!"

"Safari hii uliilipia kwa hela ipi?" mkewe aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya kitunguu. Mkandarasi aliketi kwenye kochi, juu ya tembo.

"Kazi za ujenzi zimesimama tangu mwaka jana," alisema. "Wewe kila siku safari, safari, wenzako wote wameshapanda meli. Ningekwambiaje? Nilitaka na wewe ufurahi, nikaiweka dhahabu rehani. Nilijua kabla ya arusi ningepata kazi, ningeikomboa. Sikupata."

"Na ile niliyoivaa?"

"Ya bandia. Nimeitupa baharini asubuhi, ulipotangulia kwenda kunywa chai."

Mke aliinama, akaokota skafu yake sakafuni, akaikunja vizuri mpaka ikawa ndogo sana.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimla mama yangu," alisema. "Sahani baada ya sahani. Mpaka na kachumbari nikaongezewa. Halafu ukanitazama nikimpiga kofi mtoto wa watu, ukanishikia mkoba."

Konstebo alimteremsha mkandarasi kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Ngazini aliendelea kudai kwamba amelipia mpaka kesho.

Kilichobaki ni meneja. Alikuwa anasubiri kwenye korido na kalamu mkononi. "Sahihi," alisema. "Na yule mhudumu nenda naye. Si mwizi, sawa, lakini amekiri kubagua abiria, na amekiri wanapeana siri za akaunti. Nafasi yake nimeshampangia mwingine."

"Vizuri," Inspekta alisema. "Mshushe. Ila nikimshusha yeye, yeye ni shahidi wangu. Na wewe ni shahidi. Na karani wako, na mkuu wa korido, na yule mzee mwenye nyani. Mashahidi hawasafiri. Hakimu atakuwa na nafasi wiki ijayo, akiamka vizuri. Meli yako ifunge hapo hapo."

"Huwezi kufanya hivyo."

"Nijaribu. Ama naandika maelezo yenu wote sasa hivi, kila mtu akiwa kazini kwake, na ninatia sahihi."

Meneja alimtazama kwa chuki safi, isiyochanganywa na kitu. Kisha akatoa simu ya meli mfukoni, akasema mhudumu afunguliwe na arudi kwenye korido yake. Hakusema samahani, na Inspekta hakuitegemea.

Alikuwa bado anaandika, amesimama ameegemea ukuta, mhudumu alipokuja na kigari chake cha mashuka. Shavu lilikuwa bado limevimba. Alimpita Inspekta kwa kutikisa kichwa tu, asante hakusema, akasimama mbele ya chumba cha mkandarasi. Mlango ulikuwa wazi.

"Nisafishe sasa, mama, au nirudi baadaye?"

Mke alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia. Alimtazama yule mtu kwa muda, na Inspekta aliacha kuandika.

"Nilikupiga," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Nisamehe, mwanangu. Sina uso wa kukwambia, lakini nisamehe."

Mhudumu alichukua mashuka safi kutoka kwenye kigari, akayaweka begani.

"Kusamehe sijasamehe, mama," alisema. "Kitanda nitatandika."

Akaingia, akaanza na mito.